Milima Miwili kwenye Lebo Moja

Siku Bi Verlene Stoddard alipomwona Masizi kwa mara ya kwanza, alicheka mpaka ikabidi ashike ukingo wa meza.

"Nelda, mwanangu, huyu si nyoka," alisema. "Hili ni bomba la moshi lililoota macho."

Sikuweza kumlaumu. Nyoka-mfalme wa milimani, asiye na sumu, ana pete nyekundu, nyeupe na nyeusi tangu shingoni hadi mkiani, na sisi watu wa kusini mwa Arizona tunaomfuga huupima uzuri wake kwa pete hizo. Kwa Masizi, rangi nyeusi ilikuwa imemwagika. Ilitoka kwenye pete zake ikapanda mgongoni, ikazifunika pete nyekundu hadi zikabaki madoa ya ubavuni. Nilipewa na Fermín Arvizu, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Milima ya Chiricahua. Wazazi wa Masizi walitoka kwenye miamba ya huko, na Fermín mwenyewe alikiri kwamba katika miaka yake yote ya kufuga, hakuna mtu aliyewahi kumwomba mtoto wa nyoka wale.

"Mchukue tu," aliniambia. "Ila siku utakayomwonyesha Verlene, niite nije nione uso wake."

Kwetu, kuombwa ndiko kila kitu. Sheria ya jimbo hairuhusu kuuza nyoka wa milima yetu, kwa hiyo tunapeana bure, na mfugaji hujulikana ni nani kwa kuangalia kama watoto wa nyoka wake wanaombwa. Wa Bi Verlene waliombwa kabla mayai hayajatagwa. Alianza na jozi moja tu kutoka Milima ya Huachuca, ile inayoonekana kwenye dirisha la jikoni kwake, zamani alipokuwa dereva wa basi la shule. Kila mwaka alichagua watoto wenye pete nyeupe pana na nyeusi nyembamba, akawaoanisha wao kwa wao: kaka kwa dada, binti kwa baba. Akaendelea hivyo mpaka weusi ukawa mstari mwembamba kama wa kalamu, na weupe ukang'aa. Ukoo ule tuliuita Theluji. Ukimweka mmoja wao kiganjani, unaona nyekundu na nyeupe tu zikizungukana, kama peremende ya Krismasi.

Mimi nilianza kumsaidia nikiwa sekondari. Nilisafisha makasha, nikajifunza kumshawishi mtoto asiyetaka kula kwa kumpaka panya mchanga harufu ya mjusi. Nikaenda chuo kikuu Tucson kusoma biolojia. Nilipohitimu nilirudi, nikapata kazi kwenye duka la chakula cha mifugo, na kila jioni nikawa kwenye chumba cha nyoka cha Bi Verlene. Yabisi ya viungo ilikuwa imempinda vidole mpaka mfuniko wa kasha ukawa kazi ngumu.

"Mikono yangu imekwisha," aliniambia jioni moja, bila kunitazama. "Wote hawa watakuwa wako. Sharti langu ni moja. Huachuca tupu. Usiniletee damu ya mlima mwingine humu ndani."

Nililia kwenye gari nikirudi nyumbani. Sikuwa nimewahi kutaka kitu kuliko nilivyoutaka ukoo ule. Nilikuwa nimeushika ukiwa ndani ya mayai.

Kisha ukaja mwezi wa tisa, mayai yakapasuka, na watoto wakatoka wamepinda. Mmoja alikuwa na jicho moja. Mwingine mgongo wake ulikunjwa kama kibanio cha nywele, lakini nilipomnyanyua alifungua kinywa kidogo akajaribu kuling'ata dole gumba langu. Alitaka kupigana nami, yeye ambaye hakuweza hata kutambaa moja kwa moja. Bi Verlene alimchukua, akamfunga kwenye karatasi laini, akamweka kwenye friza pamoja na wenzake. Ndivyo wafugaji wetu wanavyofanya, na huwa hawalizungumzii.

"Joto," alisema. "Mashine imepitiliza joto."

Kila mfugaji wa nyoka wetu husema hivyo. Mtoto akizaliwa amepinda, mashine ya kutotolesha ndiyo mkosaji. Hubadilishwa kidhibiti joto, huhamishwa rafu, hununuliwa mashine nyingine, kisha hiyo nayo huanza kutazamwa kwa jicho baya. Mashine haina wa kuitetea.

Hii ndiyo sababu nilimpeleka Masizi kwake mwezi wa tatu, nyoka walipokuwa wametoka tu kwenye kabati la baridi wanamolala majira yote ya kipupwe. Alipomaliza kucheka akafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Haya, umenichekesha. Sasa niambie umemleta kufanya nini."

"Nataka ampande jike mmoja wa Theluji."

Uchangamfu ukamtoka usoni.

"Rudia."

"Watoto wanapinda kwa sababu ya damu, Bi Verlene. Si joto. Wamezaana wao kwa wao mno. Wanahitaji damu ya mbali, na huyu ni wa mbali, mzima, ana nguvu, anakula chochote."

"Mashine ndiyo iliyoharibu mayai."

"Mashine ya kwanza uliilaumu. Ya pili ukailaumu. Hii mpya haijatimiza hata mwaka, umeshaanza kuinunia."

"Kwa hiyo chuo kilikufundisha kubishana na mashine?"

"Sibishani na mashine. Nabishana na wewe."

Sikuwahi kumsemesha hivyo. Nikafungua kasha la jike mkuu, yule aliyetoa watoto walioombwa na watu hadi wa kaskazini mwa jimbo, nikampakata mbele yake.

"Papasa hapa, karibu na mkia. Kuna kifundo. Hata huyu, ambaye wote tunamsifu."

Akapitisha vidole. "Hakuna kitu."

"Kipo."

"Nelda. Nimeshika nyoka tangu hujazaliwa."

"Vidole vyako havisikii tena," nikasema. "Unachagua kwa macho, na macho hufuata pete. Hayafuati mgongo."

Alimchukua jike wake, akamrudisha kwenye kasha, akausukuma mfuniko kwa kiwiko kwa sababu vidole havikuweza. Niliona aibu kwa ajili yake, na niliona aibu kwa ajili yangu, lakini sikuyarudisha maneno yangu. Yalikuwa kweli, na kwenye friza kulikuwa na vifurushi vya karatasi laini vilivyoyathibitisha.

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Mrudishe bomba la moshi kwa mwenyewe leo hii, na yote niliyokuahidi yapo palepale. Akibaki, chukua jike wako uende."

Jike wangu nilimwita Pipi. Alikuwa Theluji, mtoto niliyemlea mwenyewe alipokataa kula, na Bi Verlene alinipa kama zawadi siku niliyohitimu. Pete zake zilikuwa pana vya kutosha kumwonea wivu, na mgongo wake nilikuwa nimeupapasa mara nyingi bila kupata kifundo.

"Basi nitamchukua Pipi," nikasema.

"Utalia."

"Nalia tayari. Lakini naenda."

*

Watoto wa Pipi na Masizi walitoka mwezi wa nane, mvua za radi zikiwa zinaelekea kuisha. Niliwangoja sebuleni kwangu nikiwa nimejikunyata mbele ya mashine kama mtu anayeota moto. Walipotoka, wote walikuwa weusi kuliko mama yao. Pete nyeupe zilikuwepo, nzuri, safi, lakini kati yake kulikuwa na mikanda myeusi minene, na nyekundu ilibanwa katikati. Kama ungewaweka kwenye meza ya mashindano, mtu angesema nimeirudisha kazi ya Bi Verlene nyuma maisha mazima.

Nikamchukua mmoja mmoja, nikafumba macho, nikampitisha kati ya vidole viwili tangu kichwa hadi mkia. Wamenyooka. Wote. Na chakula walikidaka kabla sijakipaka harufu ya mjusi. Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu. Sijui kama kuna anayeweza kuelewa furaha ile ila mtu aliyewahi kufunga kitu kidogo kwenye karatasi laini.

Mwezi wa kumi hufanyika mkutano wetu wa kupeana, kwenye ukumbi wa wazima moto wa kujitolea. Magari ya zimamoto hutolewa nje, meza hupangwa, sufuria za nyama na maharage yenye pilipili huchemka kwenye kona, na kila mfugaji hupanga makasha yake madogo. Juu ya kila mfuniko huwekwa lebo yenye jina la mlima ambako ukoo ulitoka. Mtoto asiye na mlima hana mwenyewe, hakuna anayemgusa. Na mlima ni mmoja. Sikuwahi kuona lebo yenye miwili.

Yangu niliiandika kwa kalamu nene, herufi kubwa: HUACHUCA NA CHIRICAHUA.

Orrin Tibbets, mpangaji wa meza, mtu mkubwa aliyestaafu kwenye machimbo ya shaba, aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

"Binti, hii umekosea."

"Sijakosea, Bwana Tibbets."

"Una watoto wenye pete safi hapa. Weusi kidogo, sawa, lakini wapo Huachuca weusi. Andika Huachuca, ukae pale mbele na wenzako, nani atajua?"

"Mimi."

Akashusha pumzi. "Unajua watakavyowaita."

"Wawaite."

"Machotara."

"Ndivyo walivyo. Nimeandika hapo juu ili mtu asihangaike kuuliza."

Aliniwekea meza mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo. Fermín, aliyekuja na tamale za unga wa mahindi alizopika dada yake, alipanga viti vyetu kana kwamba tumepewa nafasi ya wageni wa heshima.

"Nafasi nzuri hii," alisema kwa sauti ya kusikika. "Kila mtu atapita hapa leo, atake asitake. Na wanywaji chai watapita mara mbili."

Walipita. Walisoma lebo, wakatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mmoja aliuliza kama mwakani nitaoanisha nyoka na mpira wa kumwagilia bustani. Mwingine alisema, "Maskini Verlene," bila kunitazama, na hilo ndilo lililoniuma. Hakuna aliyeomba mtoto.

Kisha Bi Verlene akaingia. Bwana Tibbets alimbebea makasha mpaka meza ya mbele, na watu wakakusanyika kama kawaida. Alikuwa amevaa shati lake la bluu la mikutano. Hakuangalia upande wangu. Aligonga meza kwa kifundo cha mkono, ukumbi ukatulia.

"Sina maneno mengi," alisema. "Mwaka huu wachache tu ndio waliotoka wazima. Mashine ilinisumbua. Hawa walioahidiwa watapata. Na kuanzia leo, Theluji wote, wakubwa na makasha yao, wanakwenda kwa Orrin. Atawatunza kama nilivyowatunza. Huachuca tupu."

Watu wakapiga makofi. Bwana Tibbets akainamisha kichwa, uso mwekundu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yangu. Nilijua siku hii itakuja, nilijua tangu nilipombeba Pipi nikatoka, na bado ilikuwa kama kumwona mtu akihamia kwenye nyumba niliyozaliwa.

"Unataka twende?" Fermín alininong'oneza.

"Hapana."

"Sawa. Kula tamale basi."

Wakati huo alipita mama mmoja, Lorna Beecham, mfugaji wa miaka mingi, akielekea chooni. Alisoma lebo, akaguna. "Wazuri kiasi," alisema. "Sikitiko tu, huo weusi."

"Usimtazame, Bi Lorna," nikasema. "Fumba macho umpapase."

"Nifumbe macho? Kwa nini, ndipo anapopendeza zaidi nisipomwona?"

Fermín alicheka kuliko mtu yeyote. Lakini nilikuwa nimeshamtoa mtoto, na Bi Lorna, kwa kucheza tu, akafumba macho, akampitisha polepole kati ya vidole. Kichekesho kikamwisha usoni. Akampitisha tena.

"Amenyooka kama kamba iliyovutwa," alisema.

"Wote wako hivyo. Jaribu yeyote."

Alijaribu wengine. Wenzake wawili wakaja kuona mchezo ni gani, nao wakafumba macho. Kisha Bi Lorna akasahau choo. Alirudi meza ya mbele, akachukua kasha la mtoto wa Theluji aliyeahidiwa, akamtoa, akafumba macho palepale. Niliuona uso wake kutoka mwisho wa ukumbi. Haukuwa uso wa mtu aliyeshinda kitu. Alikuwa kama mtu aliyepapasa kitanda cha mtoto usiku akakuta joto la homa.

Bi Verlene aliuona pia. Akaja. Watu wakampisha.

"Unafanya mchezo gani, Nelda?"

"Nawaomba wafumbe macho."

"Unanitukana mbele ya watu wangu."

"Sijataja jina lako hata mara moja. Nimeandika nyoka wangu ni nani, nikawaomba watu wawaguse. Basi."

"Basi!" Alielekeza kidole chake kilichopinda kwenye lebo. "Hii nayo ni basi? Umechukua kazi ya maisha yangu, ukaipaka masizi, ukaileta hapa na herufi kubwa kama tangazo la kuuza matrekta!"

"Ningeandika kwa herufi ndogo ungesema naificha."

Mtu alicheka nyuma yetu, akanyamaza haraka. Bi Verlene hakugeuka. Alinyoosha kiganja.

"Nipe."

Nilimweka mtoto mmoja kiganjani mwake. Hakujaribu kutumia vidole. Alimnyanyua mpaka usoni, akamlaza kwenye mdomo wake wa chini, akamwacha atambae. Ukumbi mzima ulitazama. Mtoto alipita taratibu, ulimi wake ukionja hewa, pete baada ya pete, mpaka ncha ya mkia ikaachana na mdomo. Macho ya Bi Verlene yalikuwa wazi, yananitazama mimi.

"Orrin," alisema. "Niletee wa kwangu."

"Verlene, si lazima..."

"Nimesema niletee."

Bwana Tibbets alileta yule mzuri kuliko wote, mweupe na mwekundu, karibu hana weusi. Bi Verlene alimlaza mdomoni vilevile. Alitambaa. Karibu na katikati Bi Verlene alishtuka kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akamwacha aendelee. Akashtuka tena.

Nilitaka kusema kitu cha kumpoza. Nilitaka kusema labda ni joto. Neno lilinifika ulimini, nikalimeza, kwa sababu kama ningelisema, wote tungerudi kwenye friza.

Alimrudisha mtoto kwenye kasha. "Hawa hawatoki leo," aliwaambia watu. "Mlioahidiwa, mnisamehe. Orrin, na wewe pia. Siwezi kukupa wagonjwa." Kisha akanigeukia. "Na wewe sikupi. Usifikiri. Sijabadilisha hata neno moja."

"Sijaomba."

"Hilo dume lako bado ni baya."

"Najua."

"Kwenye hawa watoto itakuchukua miaka kuuondoa huo weusi."

"Najua, Bi Verlene. Mimi bado kijana."

Aliguna. Alitazama makasha yangu moja baada ya jingine, kwa muda mrefu, kwa macho yale ya kuchagua ambayo mimi sitakuwa nayo hata nikizeeka. "Huyu wa tatu," alisema. "Weusi wake unakatika mgongoni. Usimpe mtu huyu. Huyu ndiye utakayeanzia."

Nilikuwa nimemtazama yule mtoto kila siku na sikuwa nimeliona hilo.

"Mwezi wa tatu," akaendelea, akishusha sauti, "majike wangu watatu. Kwa hilo bomba lako la moshi. Watoto nitawaweka kwenye meza yangu."

Ndicho nilichokuwa nimemwomba tangu mwanzo. Bado nikasema, "Kwa lebo ya milima miwili."

"Nelda."

"Kila mfuniko. Vinginevyo hampandi jike yeyote."

"Unaniwekea sharti mimi? Mimi niliyekufundisha kichwa cha nyoka kiko upande gani?"

"Ndiyo."

"Herufi ndogo, basi."

"Kubwa."

Fermín aliacha kutafuna. Bi Verlene alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto watundu kwenye kioo cha basi lake, mtazamo uliowahi kuwanyamazisha watoto wa wilaya nzima. Sikuuinamishia kichwa.

Akageuka. Alikumbatia kasha moja kifuani, akamwachia Bwana Tibbets mengine, akaenda kuelekea mlango wa pembeni. Ulikuwa na kitasa cha mviringo, na vidole vyake havikuweza kukizungusha. Alisimama pale na kasha lake, mgongo wake umetugeukia, na hakuna aliyethubutu kusogea.

Nikatoka nyuma ya meza yangu, nikapita katikati ya watu, nikamfungulia. Jua la mchana lilituingia usoni.

"Mwezi wa tatu," alisema, kama mtu anayetoa tusi, na akatoka.

Niliporudi, Bi Lorna alikuwa amesimama mbele ya makasha yangu.

"Huyo wa tatu najua hatoki," alisema. "Naomba huyu wa pembeni. Na lebo yake pia, usiibandue."